“Many honeys”: mnunuzi alipouliza mna aina ngapi za asali

Swali la msomaji:

Shikamoo mwalimu. Mimi ni katibu wa kikundi cha wafugaji nyuki huku Sikonge. Tumepata mnunuzi wa nje ya nchi, na barua pepe naandika mimi kwa sababu kikundini ndiye niliyefika kidato cha nne. Niliandika hivi: “This season we have many honeys. Most of members have more than ten hives. We have few experience in packing, but we received many advices. We have five hundreds litres, in 20 litres buckets.” Akajibu akiomba orodha ya aina zote za asali tulizonazo. Sisi tuna asali ya aina moja tu! Nilikosea wapi? Na haya maneno ya idadi nitayashikaje, maana shuleni niliyakariri na yote yametoka kichwani?

Jibu:

Marahaba, mwanangu. Umefanya jambo jema kuleta sentensi zako kama zilivyo. Wengi huuliza tofauti ya “much” na “many” pasipo mfano, nami hulazimika kubahatisha walikojikwaa. Wewe umenionyesha mahali penyewe.

Tuanze na mnunuzi wako. Hakushindwa kukuelewa. Alikuelewa sawasawa na ulivyoandika, na hapo ndipo penye tatizo. “Honey” katika Kiingereza ni nomino isiyohesabika, kama “water” na “oil”. Nomino ya namna hii ukiipachika “s”, Mwingereza haoni asali iliyozidi. Anaona aina mbalimbali. “Oils” ni mafuta ya namna tofauti: ya alizeti, ya mawese, ya karanga. Wakati mwingine “s” hiyo humaanisha vipimo vilivyokwisha kumiminwa, kama mtu aliyekaa mgahawani akiagiza “two coffees”, yaani vikombe viwili vya kahawa. Basi uliposema “many honeys”, yeye alisoma kwamba Sikonge mna asali za kila namna, akataka kuzijua moja moja. Ulitaka kumwambia mavuno ni makubwa, yeye akaambiwa bidhaa ni nyingi.

Kosa hili lina chimbuko, na ukilijua hutalirudia. Limetoka katika neno letu “-ingi”. Neno hili halijali kama kitu kinahesabika au hakihesabiki. Linavaa tu ngeli ya jina linaloliongoza. Tunasema “mayai mengi” na “maji mengi”, “mafuta mengi”, “maziwa mengi”. Tena tunasema “mayai yamevunjika” na “maji yamemwagika”, kitenzi kikianza na “ya-” ileile. Sikio lililolelewa na sentensi hizo linaamini kwamba maji na mayai ni ndugu wa tumbo moja. Kiingereza hakiwajui kama ndugu: “the eggs are broken”, lakini “the water is spilt”.

Asali yenyewe inadanganya kwa njia nyingine. “Asali nyingi” na “ndoo nyingi” zinatumia neno moja, “nyingi”, bila tofauti hata ya herufi. Ni kitenzi tu kinachofichua siri: “asali nyingi imemwagika”, lakini “ndoo nyingi zimemwagika”. Wewe ulitafsiri “nyingi” kabla ya kufika kwenye kitenzi, ukaandika “many”. Na pesa ni mbaya zaidi, kwa sababu kitenzi nacho kinashirikiana katika udanganyifu: “pesa nyingi zimepotea”. Ndiyo maana nimesahihisha “many moneys” mara nyingi kuliko kosa jingine lolote la aina hii.

Kwa hiyo usiitumie “-ingi” kama kipimo. Tumia upande wa pili, upande wa uchache, maana huko Kiswahili kinatofautisha vizuri kabisa na watu hawakioni.

Jisikilize unaponunua vitu dukani. Unasema “niongezee sukari kidogo”. Husemi “sukari chache”, hata kama umeamka usingizini. Unasema “mizinga michache”, “ndoo chache”, “siku chache”, “wanachama wachache”. Kisha unasema “asali kidogo”, “nta kidogo”, “maji kidogo”, “muda kidogo”, “uzoefu kidogo”. Na tazama pesa: pamoja na kuvaa “zi-” kwenye kitenzi, unaomba “pesa kidogo”. Kumbe ulimi wako ulikwisha kujua kwamba kuna vitu vya kuhesabu na vitu vya kupima. Kinachokubali “-chache” kwa kawaida ndicho Kiingereza kinachokihesabu. Kinachokubali “kidogo” peke yake, mara nyingi hakihesabiki.

Kuanzia hapo maneno yanagawanyika kama reli inavyogawanyika Tabora, njia moja kwenda Kigoma na nyingine Mwanza, na behewa lililoshika njia ya Mwanza haliwezi kukufikisha Kigoma. Upande wa “-chache” kuna “many”, “few”, “a few”, “fewer”, “several”, “a number of”. Upande wa “kidogo” kuna “much”, “little”, “a little”, “less”, “an amount of”. Yapo yanayopita njia zote mbili bila kuulizwa: “some”, “any”, “all”, “most”, “enough”, “a lot of”, “plenty of”. Ukiwa na haraka au shaka, kimbilia hayo.

Sasa nikuambie ukweli kuhusu kipimo hiki cha “kidogo” na “-chache”: kinafaa sana, ila kinakwama pande mbili, nawe lazima uzijue.

Upande wa kwanza ni majina ambayo sisi tunayahesabu na Kiingereza kinayatazama kama lundo. Tunasema “samani chache”, “mizigo michache”, “vifaa vichache”, “taarifa chache”, “mikate michache”. Kwa Kiingereza, “furniture”, “luggage”, “equipment”, “information” na “bread” hayahesabiki, hayapokei “s”, wala hayatanguliwi na “a”. Mantiki yake ni hii: “furniture” ni jina la lundo zima, na vilivyomo ndani ya lundo vina majina yao yanayohesabika, “chair”, “table”, “bed”. “Luggage” ni lundo, “bag” ndilo linalohesabika. “Money” nayo ni lundo. Unaweza kuishika noti mkononi na kuihesabu mpaka mwisho, lakini unachohesabu ni “shillings” au “notes”, sio “money”. Mwanafunzi anayelalamika kwamba pesa zinahesabika mbona Waingereza wanakataa, hujibiwa hivyo. Neno “news” nalo lina “s” ya kuzaliwa nayo, lakini ni umoja: “the news is good”.

Upande wa pili ni nafaka na jamii ya kunde. Sisi twasema “maharage kidogo” na “karanga kidogo” kwa sababu tunayapima kwa kopo na sado. Kiingereza kinasema “many beans” na “many groundnuts”, lakini “much rice” na “much maize”. Usitafute sababu kwenye ukubwa wa punje, maana punje ya mahindi haiachwi mbali na ya karanga. Ni desturi ya lugha, na desturi hujifunzwa neno kwa neno. Ndugu zetu wa Kigoma wana mtihani wao kwenye samaki: “fish” hubaki vilevile katika umoja na wingi. “There are many fish in the lake” ni samaki wanaoogelea Ziwa Tanganyika, na “we don't eat much fish” ni kitoweo kilichoko sahanini. Neno moja, njia mbili, kutegemea kama unamwona samaki au unaiona nyama yake.

Unapokwama, fungua kamusi ya wanafunzi, ya karatasi au ya kwenye simu. Nyingi huweka herufi C au U karibu na nomino. C ni inayohesabika, U ni isiyohesabika. Ukikuta zote mbili, soma mifano, maana hapo maana inabadilika kama ilivyobadilika kwa asali yako. Wanafunzi wengi huitumia kamusi miaka minne bila kuuliza kazi ya herufi ile, na inaniuma, kwa sababu ndiyo ingewaokoa.

Turudi kwenye barua yako. “Many advices” ungeweza kuikamata mwenyewe: tunasema “ushauri kidogo”, na hata wingi wake ni “ushauri mwingi”, kitenzi “umetolewa”. Kiswahili na Kiingereza vinakubaliana hapa. Ilitakiwa “a lot of advice”. Ukitaka kuuhesabu ushauri, tafuta cha kuubebea, kama unavyotafuta ndoo ya kubebea asali: “three pieces of advice”. Hali kadhalika “a piece of information”, “a loaf of bread”, “two bags of rice”, “a bucket of honey”. “S” huenda kwenye chombo, haiendi kwenye kilichomo.

“Few experience” ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu kosa hapa lingeweza kukugharimu biashara. Uzoefu ni wa “kidogo”, basi neno linalofaa ni “little”. Lakini ukilisahihisha ukaandika “we have little experience”, umemwambia mnunuzi kwamba uzoefu wenu wa kufungasha ni hafifu, haufai kutegemewa. Ukiandika “we have a little experience”, umemwambia kwamba uzoefu upo, si mkubwa, lakini upo. Herufi moja, “a”, ndiyo inayotenganisha mtu anayejitangaza na mtu anayejishusha. Kwenye “few” ni vilevile. “A few members have smokers” maana yake wanachama kadhaa wana vifaa vya kufukizia moshi. “Few members have smokers” maana yake ni kama hawana, walio navyo ni wa kuhesabu kwa vidole.

Sisi tofauti hii hatuiweki kwenye neno moja dogo. Tunaiweka kwenye sauti, kwenye “tu”, au tunageuza sentensi nzima kuwa ya kukanusha: “waliokuja si wengi”, “uzoefu wenyewe si wa kutosha”. Kwa hiyo Mswahili akisoma “few” na “a few” haoni kitu kilichobadilika. Shika hivi: pasipo “a”, mwandishi anasikitika au anaonya, penye “a”, anaridhika na kilichopo. Nimewahi kusoma insha ya kijana aliyeandika “I have few friends at school” akitaka kusema ana marafiki kadhaa. Msomaji Mwingereza angemwonea huruma kwa upweke wake. Jihadhari pia na “quite a few”: inaonekana kama uchache, na maana yake ni wengi kiasi.

Katika mazungumzo, Waingereza wenyewe hawapendi sana “few” na “little” zikiwa peke yake. Zinasikika za kiofisi. Husema “not many members” na “not much experience”. Nawe fanya hivyo, ni salama zaidi, na inafanana na ukanushi wetu.

Jambo jingine la “much”: hata mahali inaporuhusiwa, haikai vizuri katika sentensi ya kawaida ya kukubali. “We have much honey” haivunji kanuni, lakini masikioni ni kama mtu aliyevaa joho sokoni. “Much” inapenda ukanushi na maswali: “we don't have much wax”, “how much honey do you need?” Inapenda pia kutanguliwa na “too”, “so” au “as”. Kwenye sentensi ya kukubali tumia “a lot of honey”. Ila kwa mnunuzi, ushauri wangu ni kwamba usimwandikie hata “a lot”. Mwandikie lita. Neno la idadi ni la kutumia pale ambapo tarakimu hamna, na ninyi mnayo.

Na tarakimu yenu uliiharibu, tena pale ambapo Kiswahili chako kilikuwa kimenyooka. Sisi hatusemi “mamia tano”. Twasema “mia tano”, na “mamia” tunaiacha kwa idadi isiyotajwa, “mamia ya lita”. Kiingereza ni hivyohivyo: “five hundred litres”, bila “s” kwenye “hundred”, na “hundreds of litres” unapokadiria. Kuhusu ndoo, kipimo kikitangulia jina na kulieleza kama kivumishi, kinapoteza “s” na kuunganishwa kwa kistari: “20-litre buckets”. Kikisimama chenyewe, “s” inarudi: “each bucket holds 20 litres”.

“Most of members” ni kosa ninaloliona kwenye ripoti za vikundi, vyama vya ushirika, hata ofisi kubwa. Linatokana na “wengi wa wanachama”. Kiingereza kinaweka sharti: baada ya “most of”, “some of”, “many of”, “all of” na “a few of”, lazima lije neno la kubainisha ni wepi, kama “the”, “our”, “these”. “Most of our members” ni wanachama wa kikundi chenu. “Most members”, bila “of”, ni wanachama kwa ujumla. Chagua moja, usichukue nusu ya hii na nusu ya ile. Kisha kitenzi kifuate nomino iliyo baada ya “of”: “most of the honey is in the store”, “most of the buckets are in the store”. “A lot of” nayo ina tabia hiyohiyo.

Ila tofautisha hizi mbili zinazofanana sura: “a number of hives are empty” ni mizinga kadhaa, kwa hiyo kitenzi ni cha wingi. “The number of hives is 300” ni idadi yenyewe, nayo ni moja.

“Every” na “each” hazitakusumbua ukikumbuka “kila”. “Kila mwanachama ana mizinga”, si “wana”. “Every member has hives.” Usiseme “every of”, sema “each of our members” au “every one of our members”. Na “any” fanya ya ukanushi na maswali, “we don't have any debts”, na “some” ya kukubali. Isipokuwa unapomkaribisha mtu kitu ukitarajia atakubali, hapo hata swali huchukua “some”: “would you like some samples?” Sentensi hiyo itakufaa hivi karibuni.

Umesikia labda kwamba “less” kwa vitu vinavyohesabika ni kosa kubwa. Andika “fewer hives” na “less honey”, maana mnunuzi na mtahini watapenda hivyo. Lakini usimcheke anayekosea. Waingereza wametumia “less” kwa vitu vya kuhesabu tangu zamani sana. Kanuni ya kukataza ilipata nguvu baada ya Robert Baker, mwaka 1770, kuandika kwamba yeye anaona “fewer” inapendeza zaidi. Yalikuwa maoni yake, wengine wakayageuza sheria. Tena hata leo, kwa lita, kilomita, miaka na fedha, “less than” ndiyo sahihi: “less than 20 litres”, “less than 50 kilometres”.

Barua yako, mwanangu, ingesomeka hivi: “This season we have five hundred litres of honey, in 20-litre buckets. Most of our members have more than ten hives. We have a little experience in packing, and we have received a lot of good advice. Would you like some samples?” Akifika kwenye “five hundred litres” na “20-litre buckets”, mnunuzi atagawanya mwenyewe na kujua kuna ndoo 25.

Kwa sasa mjibu kwa ufupi: “We have one kind of honey.” Na siku wanachama wakianza kurina pia asali ya nyuki wadogo, ile nyepesi yenye ukali wa uchachu, utakuwa na haki ya kumwandikia “we now have two honeys”, nayo “s” itakuwa mahali pake.